Sahifa za Wanafunzi na Tarikhi ya Chuo cha Garissa

Chuo Kikuu cha Garissa kikitajwa mbele za watu, iwe katika baraza za Mombasa, au katika ofisi za Nairobi, au ng'ambo kwa wageni wasioijua Kenya ila kwa habari za redio, fikira za wasikilizaji huenda moja kwa moja hadi alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia chuoni humo wakaua watu 148, na katika hao 142 walikuwa wanafunzi. Msiba huo ni mkubwa, na haki yake ni kukumbukwa kila mwaka kwa dua na majonzi, wala hapana mwenye moyo awezaye kutaka upunguzwe au usahauliwe. Walakini chuo hicho kilikuwa na miaka kabla ya siku ile, na kimekuwa na miaka baada yake, na katika miaka hiyo yote vijana walisoma, walishindana kwa mpira, walichagua viongozi wao, walilalamikia maji na chakula, walipendana na kugombana, na hatimaye wakavaa majoho. Hayo ndiyo tarikhi ya chuo, na mwandishi anayeyaacha atajikuta ameandika habari za wauaji akidhani ameandika habari za wanafunzi.

Mambo hayo hayapatikani kwa wingi katika kumbukumbu za utawala. Mihtasari ya mabaraza ya chuo, hesabu za fedha na barua za wizara zina thamani yake, na mtafiti hana ruhusa ya kuzipuuza, lakini zinakieleza chuo kwa jicho la mwenye kukiongoza, na mwanafunzi huonekana humo ama kama idadi ya waliosajiliwa ama kama mkosaji aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mwenye kutaka kumsikia mwanafunzi akisema kwa kinywa chake hana budi kuyaendea maandiko ya wanafunzi wenyewe: magazeti yao, majarida ya vyama vyao, vijitabu vya mahafali, na vitabu vya mwaka ambamo kila darasa huacha picha zake na majina yake. Marekani, ambako gazeti la wanafunzi wa Harvard lilianza mwaka 1873 na la wanafunzi wa Yale mwaka 1878, mtafiti anaweza kukisoma chuo takriban siku kwa siku, tangu bei ya chumba hadi mzozo wa mwalimu na wanafunzi wake. Kwetu Afrika Mashariki hazina ya namna hiyo ipo, ila imetawanyika katika masanduku ya watu binafsi, na sehemu yake kubwa haijapata kuingia katika maktaba yoyote.

Wala isidhaniwe kwamba gazeti la wanafunzi ni jambo geni lililoletwa kwetu juzi. Gazeti linalohesabiwa kuwa la kwanza la Kiswahili, Msimulizi, lilitoka Unguja mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani, kilichokuwa cha misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa jina la UMCA, na kalamu zilizolijaza zilikuwa za wanafunzi na za waalimu Waafrika waliotoka chuoni humo wakatawanywa katika vituo vya bara. Wengi wa vijana wa mwanzo wa Kiungani walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, watu ambao vitabu vya wakubwa wa zama zile viliwaandika kwa hesabu ya vichwa tu. Na katika sahifa za Msimulizi watu hao hao wanapelekeana salamu, wanasimulia safari, wanatoa habari za nani ameoa na nani amefariki, na wanaandika matokeo ya michezo yao kwa fahari. Kwa sababu hiyo mwanahistoria wa leo anayetaka kuzijua nyoyo za watu wale hufungua gazeti lao kwanza, kisha ndipo akafungua taarifa za maaskofu. Baadaye, mwaka 1927, Idara ya Elimu ya Unguja ilitoa Mazungumzo ya Walimu, jarida ambalo halikuwa la wanafunzi, lakini liliwapa waalimu mahali pa kubishana juu ya kazi yao kwa lugha yao wenyewe, na humo pia kuna tarikhi ya shule ambayo haimo katika taarifa za wakaguzi.

Vyuo vikuu vilipokuja vilirithi desturi hiyo. Makerere, katika idara ya Kiingereza, jarida la Penpoint lilianza mwaka 1958, na hadithi za mwanzo za kijana aliyekuja kujulikana ulimwengu mzima kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o zilipita humo kabla hajawa na kitabu hata kimoja. Dar es Salaam, Novemba 1969, wanafunzi wa umoja wao wa kimapinduzi, USARF, pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU, walianza kutoa Cheche, jarida lililochapwa kwa stensili na kurudufiwa kwa mashine ya mkono, likiwa na wahariri wanafunzi Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, na likiwa na maandishi ya Walter Rodney na ya Issa Shivji, ambaye makala yake marefu juu ya matabaka ya Tanzania yalichukua toleo zima. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1970, serikali ililifunga jarida hilo, na katika sababu zilizotolewa ilisemwa kwamba jina lake limeazimwa kutoka Urusi ilhali Tanzania yajenga ujamaa wake yenyewe. Wanafunzi hawakunyamaza: jarida lililofuata waliliita MajiMaji, jina ambalo hapana awezaye kudai kwamba halikuota katika ardhi ya Tanganyika. Miaka 40 hivi ilipokwisha kupita, Hirji na wenzake walikusanya kumbukumbu za jarida lile katika kitabu. Na kama si nakala chache zilizohifadhiwa na watu waliojua thamani yake, mjadala ule mzima ungebaki kuwa hadithi ya wazee.

Nimelitaja Cheche kwa urefu kwa kuwa linatufunza namna ya kuyasoma maandiko haya. Anayelisoma kwa kutafuta siasa ataipata siasa, na pengine atatosheka. Lakini atakayetazama karatasi yenyewe, wino uliofifia upande mmoja, herufi zilizorekebishwa kwa kalamu, bei iliyoandikwa kwenye jalada, na wito wa kuomba msaada wa kukunja na kubana kurasa, atajua kwamba jarida hilo lilikuwa kazi ya usiku ya vijana wasio na fedha. Kadhalika barua ya wazi: mwaka 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa chama cha wanafunzi wa Dar es Salaam, aliondolewa chuoni baada ya kumwandikia mkuu wa chuo barua ya namna hiyo, na karatasi ile moja, ambayo mwenye nayo angeweza kuitupa jalalani bila kosa, ilizua mgogoro ambao watu wa chuo kile wanaukumbuka kwa jina la mwandishi wake hadi leo.

Nairobi nako kalamu ya mwanafunzi ilikuwa na uzito. Philomena Chelagat Mutai, aliyeingia Bungeni mwaka 1974 kwa kiti cha Eldoret Kaskazini akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekwisha kushika kazi ya uhariri katika gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 chuo hicho kilifungwa zaidi ya mwaka mzima, na kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, akahukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988. Mtafiti akiyapanga magazeti ya wanafunzi wa zama hizo kwa tarehe ataona mapengo, miezi isiyo na toleo, majina ya wahariri yaliyotoweka ghafula. Na mapengo hayo ni ushahidi kama ulivyo ushahidi wa kurasa zilizoandikwa.

Sasa tuuendee uliokuwa mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambamo Garissa imo, na ambao ndio sababu ya maneno haya yote. Pengine hapana sehemu ya Kenya iliyoandikwa sana na watu wa nje na kuandikwa kidogo na wenyewe kama hiyo. Tangu mwaka 1926, kwa sheria ya wilaya za mbali, nchi ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa imefungwa: mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa, na mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine iliyowapa maofisa mamlaka makubwa juu ya makabila ya wafugaji. Maofisa hao waliandika mno. Kila mwaka waliandika taarifa, na kila mmoja alipohamishwa alimwachia mwenzake maelezo ya makabidhiano, na humo mna visima, mipaka ya malisho, hesabu ya ngamia, na tabia za koo kama ofisa alivyoziona kutoka kwenye kiti chake. Taarifa hizo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, taasisi iliyowekwa kwa sheria mwaka 1965, na ni wajibu kuzisoma. Lakini Msomali wa Garissa, au Mborana, au Mwajuran, au Mpokomo wa ukingo wa Tana, humo ni mtu anayesemwa. Yeye mwenyewe hasemi.

Uhuru haukuibadilisha hali hiyo upesi. Kulikuja tume ya mwaka 1962 iliyouliza matakwa ya wenyeji, kukafuata vita vilivyoitwa vya shifta tangu 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati huo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika muda huo yalitokea mauaji ya Bulla Kartasi mjini Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla karibu na Wajir mwaka 1984, na ushahidi wa waliopatwa haukukusanywa kwa ukamilifu mpaka Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kupimwa upya uraia wao na kupewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida, na amri hiyo haikumbagua mchungaji na mwanafunzi wa chuo kikuu. Mtu akiyajua hayo hatastaajabu kwamba mkoa mzima ulikaa karibu nusu karne ya uhuru bila chuo kikuu cha umma, na kwamba kijana wa Garissa aliyefaulu alilazimika kuvuka daraja la Tana na kwenda Nairobi, au Eldoret, au Njoro, na huko akawa mmoja kati ya wachache.

Wachache hao wamo katika magazeti na picha za vyuo hivyo vingine, na hapo ndipo kazi ya mwandishi wa tarikhi ya elimu ya Kaskazini Mashariki inapaswa kuanzia, kabla hata ya kuja Garissa. Awatafute katika orodha za kamati za vyama vya wanafunzi, katika jumuiya za Kiislamu za vyuoni, katika picha za timu, na katika kurasa za barua. Lakini awe na hadhari na majina. Jina la Kisomali ni mfululizo wa jina la mtu, la baba na la babu, halina ubini wa namna ya Kizungu, na karani aliyelipokea kwa sikio aliliandika kama alivyolisikia. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Mohamed katika fomu ya kuingia, Mohamud katika orodha ya mtihani, na kufupishwa kwa herufi mbili na jina la babu yake katika gazeti la wanafunzi. Asiyelijua jambo hili atahesabu watu watatu mahali pa mmoja, au atawaunganisha binamu wawili kuwa mtu mmoja, na tarikhi yake yote itapotoka kwa kosa la tahajia.

Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 2011, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, ndani ya ua uliokuwa wa Chuo cha Ualimu cha Garissa. Asili hiyo ina faida kwa mtafiti, maana ua ule ulikwisha kuwa na tarikhi ya waalimu kabla haujawa na tarikhi ya shahada, na waalimu waliosomea pale wamo hata leo katika shule za msingi za Garissa, Wajir na Mandera, wakiwa na picha zao za kumaliza masomo ukutani. Kwa kuwa nafasi za vyuo vya umma hugawanywa na taasisi moja ya taifa zima, wanafunzi wa Garissa hawakuwa wenyeji peke yao. Walikuja vijana kutoka Magharibi, kutoka Bonde la Ufa, kutoka Mlima Kenya, Nyanza, Ukambani na Pwani, wengi wao hawajapata kuliona jua la namna ile wala kunywa maziwa ya ngamia, na wakakutana na mji wa mifugo, wenye mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, mji wa mikokoteni ya punda ichukuayo maji, wa misikiti mingi, na wa mashamba ya maembe na ndizi kando ya mto. Kufikia mwanzoni mwa 2015 wanafunzi walikuwa wapatao 800. Miaka ile michache ya kukutana, ambayo mwenyeji na mgeni walijifunza kuishi pamoja katika bweni moja na bwalo moja, ndiyo sehemu ya tarikhi ya chuo ninayoiona kuwa ya thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyo katika hatari kubwa ya kupotea, kwa sababu baadhi ya waliokuwa mashahidi wake waliuawa, na wengi wa waliosalia walihamishwa.

Mtu atauliza, katika muda mfupi hivyo patakuwa na maandishi gani? Yako mengi kuliko adhaniavyo. Panapokuwa na uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi pana mabango na ahadi zilizochapwa. Panapokuwa na jumuiya ya Waislamu na umoja wa Wakristo pana ratiba za ibada, vikaratasi vya mihadhara, na fulana zenye jina la chama na mwaka. Panapokuwa na ligi ya mpira pana jedwali ubaoni, na panapokuwa na wasafiri wa likizo pana orodha ya waliochanga nauli ya basi. Vitu hivi vyote ni ndugu wa gazeti la wanafunzi, na katika chuo kichanga kisicho na fedha za kuchapisha gazeti la kila mwezi ndivyo vinavyolishikia zamu. Sheria ya Kenya ya vitabu na magazeti humtaka mchapishaji apeleke nakala kwa msajili, lakini karatasi za wanafunzi aghalabu hazikufuata njia hiyo, kwa hiyo asiyezitafuta mikononi mwa watu hatazipata serikalini.

Kuna na kijitabu cha mahafali, ambacho kwa vyuo vya Kenya ndicho kilicho karibu zaidi na kitabu cha mwaka cha Wamarekani. Humo mna jina la kila mhitimu, shahada yake na kitivo chake, yamepangwa kwa utaratibu usiobadilika sana mwaka hadi mwaka, na kwa hiyo mtafiti anaweza kuyalinganisha: ni wasichana wangapi walihitimu ualimu, ni wangapi biashara, na hesabu hiyo ilipanda au ilishuka lini. Lakini Garissa ina jambo lake la pekee ambalo mtafiti asipolijua atapotea. Kwa kuwa kilikuwa chuo kishiriki, shahada zake zilikuwa za Moi. Na baada ya shambulio, mamia ya walionusurika walihamishiwa Eldoret wakamalizia masomo huko. Basi darasa lililoanza Garissa mwaka 2012 au 2013 halitafutwi katika kijitabu cha Garissa. Latafutwa katika vijitabu vya Eldoret, likiwa limechanganyika na wengine, bila alama yoyote ya kuonyesha ni nani aliyekuja kutoka ukingo wa Tana na aliyaona nini. Kuyatenga majina hayo kwataka kuvisoma vijitabu pamoja na orodha za kuingia, na pamoja na midomo ya watu, tena kwa idhini yao. Maana aliyenusurika ana haki ya kusema na haki ya kunyamaza, na hapana shahada ya utafiti inayoweza kuivunja haki ya pili.

Kitabu kimoja cha mwaka cha Garissa kiliandikwa na watu ambao hawakujua kwamba wanakiandika. Serikali ilipotangaza kwanza kwamba waliokufa ni 147, kabla hesabu haijawa 148, Wakenya wengi walikataa kuwaacha vijana wale wabaki kuwa tarakimu, wakaanza kupeleka mitandaoni majina yao na picha zao, mmoja baada ya mwingine: huyu akitabasamu mbele ya bweni, huyu katika nguo ya kanisani, huyu na mdogo wake nyumbani kwao. Magazeti nayo yakachapisha sura hizo. Picha nyingi miongoni mwa hizo zilikuwa zimepigwa na wanafunzi wenyewe kwa simu zao, katika siku za kawaida, kwa ajili ya kuwaonyesha rafiki na wazazi, na kwa hiyo ukiondoa sababu ya huzuni iliyozikusanya utaona ndani yake kile hasa ambacho kitabu cha mwaka hukikusudia: mavazi ya wakati ule, miti ya uani, vitanda vya bweni, mtu aliyekuwa rafiki ya mtu. Naona ni dhima ya taifa kuzihifadhi picha hizo kwa utaratibu, kwa ruhusa ya familia, zikiwa na majina na tarehe. Kuziacha katika mitandao ambayo wenyewe wako mbali nasi, na ambayo inaweza kufungwa siku yoyote, ni kuwapoteza vijana wale mara ya pili.

Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na wanafunzi wa kwanza kurudi walikuwa wachache, wengi wao wenyeji wa Garissa. Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tangu hapo kinao wahitimu wake, vijitabu vyake, na viongozi wake wa wanafunzi, ambao uchaguzi wao, kama wa vyuo vyote vya Kenya, uliwekewa utaratibu wa wajumbe na marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2016. Jambo hili nalo ni la kutazamwa na msomaji wa mabango: zamani mgombea alijinadi mbele ya chuo kizima, na lugha ya bango ilikuwa ya hadhara, baada ya sheria hiyo anayetafutwa kwanza ni mjumbe, na maneno yaweza kuwa mengine. Atakayekusanya mabango ya miaka kumi ya chuo kimoja ataweza kuonyesha jinsi sheria ilivyobadilisha usemi wa vijana, na sijaona chanzo kingine kitakachomwonyesha jambo hilo waziwazi hivyo.

Isisahauliwe kambi ya wakimbizi ya Dadaab, iliyo katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, iliyoanzishwa mwaka 1991 na kufikia karibu wakazi nusu milioni katika ukame wa 2011. Tangu 2013 pamekuwako huko mpango wa masomo ya chuo kikuu kwa wakimbizi na wenyeji, ukishirikisha vyuo vya Kenyatta na Moi pamoja na vyuo vya Kanada, na mwanafunzi aliyepata shahada akiwa kambini ni sehemu ya tarikhi ya elimu ya juu ya Kaskazini Mashariki kama alivyo yule wa mjini. Maandishi ya wanafunzi hao yako katika hatari zaidi, maana mwenye nayo huenda kesho akapelekwa nchi nyingine akiwa na mkoba mmoja.

Yapo mambo mawili ambayo msomaji wa maandiko haya yote yampasa ayashike. La kwanza ni kwamba gazeti la wanafunzi si sauti ya wanafunzi wote. Ni sauti ya waliokuwa na nafasi ya kuandika, aghalabu wavulana zaidi ya wasichana, wakaao bwenini zaidi ya wale wanaorudi nyumbani jioni, wajuao Kiingereza cha kujivunia zaidi ya wenye haya ya lugha. Katika Garissa msichana Msomali anayesoma mchana na kurudi bulla, yaani mtaa wa kwao, kupika jioni anaweza kupita miaka minne bila jina lake kuonekana popote ila katika kijitabu cha mahafali, na kijitabu hicho kwake ni ushahidi mkubwa kuliko kwa kiongozi wa chama aliyejaa kila ukurasa. La pili ni kwamba karatasi yataka kuwekwa pamoja na kinywa. Watu wa Kaskazini Mashariki wana desturi ya kale ya kuyahifadhi mambo makubwa kwa shairi na kwa kisa kilichokaririwa, na mpishi wa bwalo, askari wa lango, mwenye duka la kurudufu karatasi ng'ambo ya barabara, kila mmoja anajua ambalo mhariri hakulijua. Mtafiti akimpelekea mtu wa namna hiyo picha ya zamani ya wanafunzi na kumwomba awataje, atapata kwa saa moja maelezo ambayo hakuna faili iliyoyabeba.

Tatizo la zama zetu ni kwamba maandiko ya wanafunzi wa leo yanakufa upesi kuliko yale ya stensili. Karatasi ya Cheche ilidumu miongo minne katika sanduku. Lakini mjadala wa wanafunzi wa darasa fulani uliofanywa katika kundi la simu, pamoja na picha zake na malalamiko yake na mizaha yake, hupotea siku simu inapoanguka majini au inapobadilishwa. Kizazi kinachoandika kuliko vizazi vyote vilivyotangulia huenda kikaacha maandishi machache kuliko vyote. Maktaba za vyuo zina uwezo wa kulizuia jambo hili bila gharama kubwa, kama zitachukua nakala za kurasa za vyama vya wanafunzi kila mwisho wa mwaka na kuziweka pamoja na mabango na vijitabu, na kama zitamkabidhi kazi hiyo mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Nawaomba basi wote waliopita katika ua ule wa Garissa, tangu siku za chuo cha ualimu hadi leo, wafungue masanduku yao. Mwenye picha ya darasa aandike nyuma yake majina na mwaka maadamu anawakumbuka waliomo. Mwenye kijitabu, bango, ratiba, fulana au toleo lolote la jarida la wanafunzi alipeleke katika maktaba ya chuo lipigwe picha, arudishiwe lake. Na wahariri wa leo, kila watoapo toleo, waweke nakala mbili kando, zenye tarehe na majina ya walioandika: moja ibaki Garissa, na ya pili ipelekwe Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.